Barua ya wazi: usemi wa mbio usiandikwe kuwa ni tabia mbaya

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Afya, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, pamoja na Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
Dodoma.

YAH: NAMNA WATAALAMU WANAVYOWAONA NA KUWAANDIKA WATU WENYE KLATARINGI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Nkuhungu, jijini Dodoma, na kazi yangu ni uhasibu. Nina klataringi tangu utotoni. Ninawaandikia kwa barua ya wazi kwa sababu jambo lenyewe linagusa ofisi zenu tatu kwa pamoja, na haliwezi kumalizwa na mojawapo peke yake.

Klataringi ni hali ya usemi ambamo maneno ya mtu humfikia msikilizaji yakiwa ya mbio mno, au yakiwa na mwendo usio sawa: mara yanakwenda kwa mkupuo, mara yanasita mahali ambapo hakuna nukta wala mkato. Silabi humezwa, maneno hugongana, na sentensi huachwa njiani ili nyingine ianze. Hali hii ni tofauti na kigugumizi, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili. Mwenye kigugumizi kwa kawaida analijua neno analotaka kulisema, ila linamkwama. Kwa mwenye klataringi maneno hayakwami, yanamtoka kabla hayajapangika. Mara nyingi hali huanza kuonekana wazi mtoto akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi, pale anapotakiwa kusema mambo marefu zaidi, na wakati mwingine huambatana na matatizo mengine, kama vile upungufu wa umakini au ugumu wa kujifunza, jambo ambalo humfanya mtaalamu aliyeona tatizo moja asitafute la pili.

Malalamiko yangu hayahusu watu wanaotucheka mtaani. Yanahusu watu waliosomea kazi ya kutupima, kutufundisha na kutusaili. Ukimwambia mwenye klataringi atulie na aseme polepole, naye akaelekeza akili yake yote kwenye ulimi, kwa dakika moja au mbili atasema vizuri. Kisha akianza kufikiria anachokisema badala ya namna anavyokisema, mbio zinarudi. Kupata nafuu kwa muda mfupi namna hiyo ni sehemu ya hali yenyewe, na wanaoijua huitumia kama mojawapo ya dalili za kuitofautisha na kigugumizi, ambacho mara nyingi huzidi mtu anapobanwa. Lakini mbele ya mtaalamu asiyeijua, dakika hizo mbili hugeuka ushahidi dhidi ya mgonjwa: kumbe anaweza, ila hataki. Ni sawa na kumwambia mtu mwenye macho mabovu kwamba haoni kwa uzembe, kwa kuwa alipoyakodoa aliweza kusoma mstari mmoja ubaoni.

Katika ripoti zangu za shule, sehemu ya tabia na mwenendo ilijazwa na walimu tofauti kwa maneno yaliyokaribiana sana: ana papara, hana utulivu, mzembe katika kujieleza, ajirekebishe. Methali ya haraka haraka haina baraka nimeisikia mara nyingi pengine kuliko jina langu. Walimu hao hawakuwa watu wabaya, na baadhi yao walinipenda; waliandika walichokiona kwa msamiati waliokuwa nao, na msamiati huo ulikuwa wa tabia tu. Nikiwa mtu mzima nilikwenda katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, kwa kuwa nina hakika kwamba yaliyonipata pale yangeweza kunipata penginepo pia. Tabibu alinionesha picha, nikazitaja. Akanipa aya fupi, nikaisoma. Akaandika kwamba usemi wangu ni wa kawaida na kwamba nina wasiwasi, akanishauri nipunguze mawazo.

Kutaja picha na kusoma aya fupi ni kazi ambazo wengi wetu tunazimudu, kwa kuwa maneno yamekwisha kupangwa na mtu mwingine. Shida hujitokeza pale mtu anapopaswa kuyapanga mwenyewe: kusimulia alichokiona, kueleza sababu za jambo, kujibu swali asilolitarajia, au kuzungumza na mtu aliyemzoea kiasi cha kusahau kujichunga. Mke wangu husikia klataringi ninayoishi nayo. Tabibu alisikia dakika chache za mtu aliyejikaza.

Mtazamo huu wa kutafuta kasoro katika tabia ya mtu umewahi kuwamo hata ndani ya taaluma yenyewe, na ni haki kulisema hilo. Deso Weiss, ambaye mwaka 1964 alichapisha kitabu kizima kuhusu klataringi na hivyo kuitoa gizani, aliweka umakini mfupi na kutojitambua kikamilifu, yaani mtu kutojua vizuri kwamba usemi wake una shida, miongoni mwa dalili za lazima, na maelezo ya zamani ya hali hii yamejaa sifa kama pupa, vurugu na kutojali. Upande wa kigugumizi nako hakukuwa salama: mwaka 1970 Ehud Yairi na Dean Williams walionesha, kwa kuwauliza watibabu wa usemi wa jimbo la Iowa nchini Marekani, kwamba sifa walizowapa wavulana wa shule ya msingi wenye kigugumizi zilikuwa kwa sehemu kubwa zisizopendeza, kama woga, haya na wasiwasi. Hao walikuwa watibabu waliosomea kuwasaidia watoto walewale. Mwaka 1986 Kenneth St. Louis na Audrey Hinzman wakachapisha utafiti kuhusu namna watibabu wa usemi na waelimishaji wanavyoiona klataringi, na tangu hapo limejirudia jambo moja katika tafiti za aina hiyo: wengi hukiri kwamba hawajafunzwa vya kutosha kuhusu klataringi na hawajiamini nayo kama wanavyojiamini na kigugumizi.

Hata vitabu vya uainishaji wa magonjwa vimeyumba. Shirika la Afya Duniani liliipa klataringi nafasi yake katika toleo la kumi la uainishaji wake, kwa alama F98.6, jirani na kigugumizi chenye F98.5. Chama cha wataalamu wa magonjwa ya akili cha Marekani nacho kiliiweka katika mwongozo wake wa mwaka 1987, kisha kikaiondoa katika ule wa 1994, na katika ule wa 2013 haikurudi. Tabibu aliyefunzwa kwa mwongozo mmoja anaweza kabisa kumaliza chuo bila kukutana nayo.

Mabadiliko yalipokuja yalitokana na uamuzi wa kusikiliza usemi peke yake. Mwaka 2007, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa, watafiti, watibabu na watu wenye klataringi walikutana Bulgaria katika mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu hali hii, na Jumuiya ya Kimataifa ya Klataringi ikazaliwa. Mwaka 2011 St. Louis na Katrin Schulte wakapendekeza maana ambayo sasa hutumiwa sana: usemi unaosikika kuwa wa mbio mno au usio na mwendo sawa, ukiambatana na kukatizakatiza kupita kiasi kwa namna isiyo ya kigugumizi, au kumeza silabi, au mapumziko na mkazo usio mahali pake. Ndani ya maana hiyo hamna neno pupa wala uzembe, na kujitambua hakumo. Angalieni pia kwamba wamesema usemi unaosikika kuwa wa mbio. Si kila mwenye klataringi anayezidi watu wengine kwa idadi ya silabi kwa sekunde ukimpima kwa saa. Mara nyingi kinachomchosha msikilizaji ni mikupuo na silabi zilizopotea. Kwa hiyo mtaalamu anayesema "lakini huyu hata haendi mbio sana" huenda anasema kweli na bado akawa hajaiona hali aliyo nayo mgonjwa.

Silabi zilizopotea zina uzito wake katika Kiswahili, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana hili hutalikuta katika vitabu vya Marekani. Kitenzi chetu hubeba mtenda, ukanushi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kila kimoja kikiwa na silabi yake. Kati ya waliolipa na wasiolipa pana silabi moja tu. Kati ya aliyesaini na asiyesaini ni vivyo hivyo, na mtu anayeimeza silabi hiyo katika kikao hakosei tamko tu. Anaweza kuonekana amesema kinyume cha anachokijua. Nimewahi kutoa taarifa ya mdomo kuhusu vijiji visivyowasilisha hesabu, na nusu ya kikao ikaelewa kwamba ninazungumzia vijiji vilivyowasilisha. Nilipofafanua, mjumbe mmoja aliuliza kama nina uhakika na takwimu zangu. Takwimu zilikuwa sahihi na zilikuwa kwenye karatasi mbele yake. Fikirini sasa mtu huyohuyo akiandikisha maelezo kituo cha polisi, au akitoa ushahidi mahakamani, ambako kubadilisha kauli huhesabiwa kuwa dalili ya uongo. Eneo hilo si la ofisi zenu, na sitaliingia zaidi.

Katika mkoa wetu kuna kichaka kingine ambamo klataringi hujificha. Mtoto wa Chamwino, Bahi, Kongwa au Mpwapwa anaweza kuanza shule akiwa amezoea Kigogo nyumbani, na wa Kondoa akiwa na Kirangi. Akifika darasani akaanza kumeza maneno, jibu jepesi ni kwamba lugha ya nyumbani ndiyo inayomsumbua. Mara nyingi ni kweli. Lakini zipo nyakati ambazo si kweli, na kuzitofautisha hakuhitaji mashine: mwalimu amuulize mzazi au bibi kama mtoto huyo anaeleweka anaposimulia jambo kwa Kigogo. Klataringi humfuata mtu katika lugha anazozizungumza. Bibi akisema kwamba hata kwake mtoto anakwenda kama anakimbizwa na kwamba hadithi zake hazina kichwa wala miguu, basi lugha ya pili haina kosa. Mtoto asipotambuliwa hapo, akifika sekondari na kukuta masomo kwa Kiingereza, atajifunza kunyamaza, na ukimya wake utaandikwa kwenye ripoti kuwa ni maendeleo ya nidhamu.

Niongeze jambo dogo ambalo hunishangaza. Katika upimaji wa stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa ya mwanzo, kasi ya kusoma kwa sauti ni mojawapo ya vipimo, na mtoto anayekimbia hupongezwa. Miaka michache baadaye mbio zilezile hugeuka kosa lake.

Sasa nimgeukie Katibu. Matangazo ya ajira ya Sekretarieti huwahamasisha waombaji wenye ulemavu kutuma maombi na huwataka waainishe ulemavu wao kwenye mfumo. Ni utaratibu mzuri, na unakwenda na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi kazini na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi kutenga asilimia 3 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Sidai nafasi hizo. Najua wapo wanaozihitaji kuliko mimi, na sina hakika kama ningependa kuitwa mlemavu. Ninachouliza ni kwamba mtu mwenye klataringi, aliyefaulu usaili wa mchujo kwa kalamu na sasa anaitwa kwenye mahojiano, ajaze nini, wakati hana cheti cha tabibu yeyote kwa sababu matabibu aliowaona walimwandikia wasiwasi?

Na mahojiano yenyewe yamepangwa kwa namna inayomuumiza: maswali ya ghafla, muda uliobana, jopo la watu asiowajua, na alama za kujieleza na kujiamini. Kwa dakika ya kwanza atasema vizuri, kwa kuwa anajichunga. Swali linapokuwa gumu, akili inahamia kwenye jibu na ulimi unaachiwa, na jopo linaona mtu aliyeanza kwa utulivu akaishia kuvurugika, jambo ambalo kwa macho ya kawaida ni picha ya mtu anayedanganya au asiyejua anachokisema. Mjumbe wa jopo moja la taasisi niliyoomba kazi zamani aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nimekunywa kitu asubuhi ile. Sikatai kwamba zipo kazi ambazo usemi wazi ndiyo kazi yenyewe. Mtu asiyeeleweka asipewe kipaza sauti cha kutangazia abiria, na mimi mwenyewe nisingependa kumsikiliza. Lakini mhasibu, mpima ardhi, mtunza kumbukumbu au fundi wa maabara apimwe kwa alichokisema, na alama za namna alivyokisema zitengwe kando ili zisizimeze za kwanza. Apewe maswali kwa maandishi, aongezewe dakika chache, na jopo lielezwe mapema kwamba kusita kwake na kurudia kwake hakuhusiani na ukweli wa jibu.

Kwa Waziri wa Elimu, ombi langu la kwanza ni vyuo. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, na wengi wa hao wapo mbali na mzazi wa Kibaigwa au Mvumi. Mtu wa kwanza kumsikia mtoto atabaki kuwa mwalimu wa darasa, na wa pili ni mwalimu wa elimu maalumu, kama yupo. Chuo cha Patandi kule Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu, na vyuo vingine vya ualimu hugusa mahitaji maalumu katika mitaala yao. Saa chache za masomo zinatosha kumfundisha mwalimu aijue klataringi kwa masikio, aitofautishe na kigugumizi na pia na shida za lugha ya pili, na ajue kwamba kumwambia mtoto "polepole" mara ishirini kwa siku hakumsaidii, kwa kuwa hajaelezwa afanye nini ili awe polepole. Kuna mambo yanayosaidia: kumfundisha mtoto kupumzika mwishoni mwa kila kifungu cha maneno, kutamka silabi zote za neno refu hata kama anahisi anazidisha, kupanga kisa kabla ya kukisimulia, na kujisikiliza katika rekodi yake mwenyewe. Ombi la pili ni kwamba sehemu ya tabia katika ripoti isitumike kuandikia usemi. Mwalimu akiona usemi haueleweki, aandike kwamba usemi haueleweki, katika mazingira gani, na tangu lini. Sentensi ya namna hiyo inaweza kubebwa hadi hospitali ikamsaidia mtu.

Kwa Waziri wa Afya, naomba upimaji ubadilike, na mabadiliko haya hayana gharama kubwa. Usikivu wa masikio upimwe kwanza, kama inavyopaswa. Kisha mtu asimulie jambo refu, achague mada anayoipenda, na arekodiwe kwa simu kwa muda wa kutosha kusahau kwamba anarekodiwa. Ndugu yake aulizwe anavyozungumza nyumbani. Halafu mgonjwa na tabibu waisikilize rekodi hiyo pamoja. Hapo ndipo suala la kujitambua hupata jibu la haki. Wengi wetu tunajua fika kwamba hatueleweki, kwa kuwa tumeambiwa maisha yetu yote. Tusichokijua mara nyingi ni mahali gani hasa, katika sentensi gani, tulipompoteza msikilizaji, na rekodi hutuonesha. Tabibu anayeandika kwamba mgonjwa "hajali hali yake" angeisikiliza naye kwanza angeona uso wa mtu asiyejali ulivyo.

Msimwandikie mtu wasiwasi kabla ya kumsikiliza. Wasiwasi upo, sitaukana, lakini kwangu ulikuja baada ya usemi na kwa sababu ya namna usemi ulivyopokelewa. Dawa za wasiwasi nilizowahi kupewa zilinipa usingizi mzuri, na nikaamka nikizungumza vilevile.

Dodoma ni mahali pazuri pa kuanzia jambo hili, kwa sababu za urahisi tu. Wizara zenu zipo Mtumba. Chuo Kikuu cha Dodoma kinaandaa walimu na madaktari, Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo jirani nacho, na Mirembe, ambako watu hupelekwa kwa matatizo ya akili, ipo mjini hapahapa. Wahusika wote wanaweza kukaa meza moja bila mtu kulipwa posho ya safari. Ninaomba kikao hicho kiitishwe, na waitwe pia watu wenye klataringi na wenye kigugumizi, maana katika nchi nyingine taaluma hii ilisogea pale tu wenye hali hiyo walipoanza kuulizwa.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba bajeti ya mwaka huu haina nafasi. Nikiitwa kuzungumza nitafika, ila nitaomba maswali mapema.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma.